Kutoka ubao wa chuoni hadi kishikwambi: Silabi ndiyo mlango wa kusoma

LIKIZO ya Agosti iliyopita, mjukuu wangu wa miaka sita alinionyesha umahiri wake kwenye simu ya mamake. Alikuwa amefungua apu ya kujifunzia kusoma. Anagusa herufi, simu inaitamka, naye anarudia: “ei, bii, sii, dii.” Kila akipatia, nyota zinamwagika kwenye skrini na makofi yanalia. Nilifurahi kama babu yeyote. Kisha nikamwita jikoni na kumwonyesha pakiti. “Hebu nisomee neno hili.” Akalikazia macho neno UNGA, akafikiri kidogo, akasema, “Yunga.”

Sikumcheka. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Kwenye simu ile, herufi U inaitwa “yu”, basi na yeye akaiita hivyo. Mtoto huyu anazungumza Kiswahili tangu aanze kusema. Unga anaujua, na ugali anaula karibu kila siku. Lakini alipolitazama neno lenyewe limeandikwa, hakulitambua.

Siku hizi wazazi wengi wananiuliza, “Profesa, hizi apu za kusoma zinafaa au tunawapotezea watoto macho?” Swali hilo halijibiki kwa ndiyo au la. Linajibika kwa historia. Kishikwambi si chombo cha kwanza kuletewa mtoto wetu kwa ahadi kubwa. Kabla yake kulikuwa na ubao wa chuoni, kitabu cha misheni na redio. Kila kimojawapo kilifaulu au kilikwama kwa sababu mbili zile zile: sauti za lugha gani zilifundishwa, na nani aliketi kando ya mtoto.

Safari hii haikuanza na mkoloni. Karne nyingi kabla ya shule za misheni, watoto wa Pate, Lamu na Mombasa walikaa mkekani chuoni, ubao mkononi, wakimfuatiza mwalimu. Mtoto alianza na majina ya herufi: alifu, bei, tei. Ila hakuachwa hapo. Akishazikariri, aliingizwa katika irabu, yaani zile alama ndogo zinazotiwa juu au chini ya herufi za Kiarabu, akawa anaunganisha: ba, bi, bu, ta, ti, tu. Hapo ndipo alipoanza kusoma maneno, kisha aya, hadi akaingia juzuu ya Amma.

Tuangalie jambo hilo kiisimu. “Bei” ni jina la herufi, bali “ba” ni sauti inayosomeka. Mwalimu wa chuoni, ambaye hakuwahi kuhudhuria semina yoyote ya ufundishaji, alijua kwamba jina la herufi ni kizingiti tu na kwamba mlango wenyewe ni silabi. Hata leo istilahi zetu zinabeba kumbukumbu ya darasa lile. Herufi, irabu, tahajia, kitabu na mwalimu, yote haya ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu.

Chuo kilikuwa na upande wake wa pili. Mtoto aliweza kuimaliza Kurani nzima kwa matamshi safi ilhali hakujua Kiarabu. Shabaha ilikuwa ibada, na kwa shabaha hiyo njia ilifaa. Lakini inatuachia funzo kwamba kutamka maandishi na kuyaelewa ni mambo mawili, na la kwanza linaweza kuwepo bila la pili.

Kiswahili chenyewe kilipoandikwa kwa hati hiyo, hali iligeuka kabisa. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo e na i zilichangia alama moja, na o na u vivyo hivyo. Sauti kama p na ch hazikuwa na herufi zake. Neno lililoandikwa namna moja lingeweza kusomwa kuku au koko, bata au pata. Yeyote aliyeufungua mswada kama ule wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ilimbidi aijue lugha kwanza ndipo asome. Hati ile ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini haikumruhusu mtu asome kama kasuku.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 akachapisha sarufi ya Kiswahili. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa mwongozo wake wa lugha uliojengwa juu ya Kiswahili cha Unguja. Wamisionari hawa na wenzao waliandika kwa herufi za Kilatini, wakaanzisha shule, wakawafundisha watu kusoma ili wasome Biblia. Kusoma kukawa kitambulisho. Huko Mlima Kenya waliojiunga na misheni waliitwa athomi, na kwa Waluo josomo. Maana ni ile ile: wasomaji. Uliyejua kusoma ulikuwa umehamia upande mwingine wa maisha.

Herufi za Kilatini zilikuwa na irabu tano, sawa na idadi ya irabu za Kiswahili. Hata hivyo, kila misheni iliandika kwa namna yake, hadi ulipofanyika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ambapo Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia tahajia moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tunapoisimulia historia ya usanifishaji, huwa tunabishana kuhusu lahaja iliyoshinda na iliyoonewa. Mjadala huo una haki yake. Lakini mara chache tunakumbuka zawadi aliyoachiwa mtoto wa darasa la kwanza, yaani maandishi ambamo karibu kila herufi ina sauti moja isiyobadilika. A ya “baba” ni ile ile ya “kalamu” na ile ile ya “Jumamosi”. Kiingereza hakina neema hiyo, na watoto wa Uingereza wenyewe huchukua muda mrefu zaidi kumudu tahajia yao kuliko watoto wa lugha zenye maandishi manyofu.

Ndiyo maana vizazi kadhaa vya Waafrika Mashariki vilijifunza kusoma kwa kuimba: ba, be, bi, bo, bu, ma, me, mi, mo, mu. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, nikichora silabi mchangani kwa kidole kwa kuwa daftari lilikuwa la watoto wakubwa. Mbinu hiyo imedharauliwa sana kwamba eti ni kukariri tu. Ni kweli kwamba iliwachosha watoto pale ilipogeuzwa wimbo usiofika kwenye maneno. Lakini kiini chake kilikuwa sahihi. Ukishaijua “ba” umepata “baba”. Ongeza “ta” upate “bata”. Ongeza “ti” upate “bati”. Silabi tatu zinakupa maneno matatu, na yote matatu mtoto anayajua.

Sasa tuingie katika kipindi ambacho Kenya ilichukua njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa jijini Nairobi mfumo uliojulikana kama New Primary Approach, wa kutumia Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono mwelekeo huo. Ilipofika mwaka 1976, ripoti ya Gachathi ilipendekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Taasisi ya Elimu ya Kenya ikatoa vitabu vya TKK, Tujifunze Kusoma Kikwetu, katika lugha nyingi za nchi. Kiswahili nacho kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Hiyo ndiyo sera. Vitendo vilikuwa mbali nayo. Wazazi wengi walishaamini, na bado wanaamini, kwamba mtoto anayesema “ei, bii, sii” ndiye aliyesoma, na yule anayesema “a, e, i, o, u” amebaki kijijini.

Hata teknolojia ilipoingia darasani, Kiingereza ndicho kilichopewa kiti cha mbele. Kati ya mwaka 1980 na 1985 ulikuwepo mradi mkubwa wa kufundisha madarasa ya chini kwa redio. Haikuwa redio ya kusikiliza tu. Sauti ya redio iliuliza swali, ikanyamaza, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha ikaendelea. Ilikuwa mbinu ya werevu mkubwa, na watoto waliojifunza nayo waliwashinda wenzao katika majaribio. Leo apu ikikuuliza swali na kukusubiri, inafanya kile kile kilichofanywa na redio ile. Lakini lugha iliyofundishwa ilikuwa Kiingereza, na mradi ulipokwisha, redio haikubaki kuwa sehemu ya kila darasa la kwanza nchini. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Ningeongeza kwamba kipya kikishazeeka, hatukumbuki hata kuuliza kilitufunza nini.

Miaka thelathini baadaye zikaja ahadi za kompyuta. Katika kampeni za mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Mwaka 2016 ahadi hiyo ilianza kutimizwa kwa sura ya vishikwambi, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Wakati siasa inapiga kelele, watafiti walikuwa wakifanya kazi ya kimya huko Kisumu. Walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia kufundisha kusoma: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea, kuwapa walimu vishikwambi, na kuwapa vishikwambi wakufunzi wanaozuru madarasa kuwaelekeza walimu. Shule zote hizo zililinganishwa pia na shule zilizopata vitabu na mafunzo ya walimu bila vifaa vya kidijitali. Ikadhihirika kwamba vifaa havikuongeza tofauti kubwa juu ya vitabu vizuri na mwalimu aliyefunzwa vyema. Na kwa kuwa matokeo yalikaribiana, gharama ndiyo iliyoamua. Kumpa kifaa mkufunzi mmoja anayehudumia shule kadhaa ni rahisi kuliko kumpa kila mtoto.

Mpango wa Tusome ulioanza nchini mwaka 2015 ulifuata hekima hiyo. Mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo. Kishikwambi kikawekwa mkononi mwa afisa anayezuru darasa. Mashine ilimsaidia anayemsaidia mwalimu.

Je, panapokosekana mwalimu kabisa? Jaribio lililotafuta jibu lilifanyika kwa jirani zetu, ng'ambo ya Lungalunga. Mwaka 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la kutengeneza programu zitakazomwezesha mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila kutegemea mwalimu. Timu tano zilifika fainali. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, programu zao zilijaribiwa katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, na watoto wapatao 2,700. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kiswahili.

Hebu tulitafakari hilo. Wahandisi kutoka Marekani, Ulaya na Asia, wengi wao wasiojua neno la Kiswahili, walilazimika kujifunza jinsi silabi zetu zinavyoundwa, jinsi “mtu” inavyogawika kuwa m-tu, na jinsi ng' ya “ng'ombe” isivyo ng ya “ngoma”. Lugha ambayo baadhi yetu tunaiona haitoshi kumfundishia mtoto wa mjini ndiyo iliyopimiwa uwezo wa teknolojia ya elimu duniani.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo na ya kutuliza kwa wakati mmoja. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walisemekana hawajawahi kuhudhuria shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno lolote ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei mwaka 2019, timu ya onebillion ya Uingereza na ile ya Kitkit School, yenye wabunifu kutoka Korea Kusini na Marekani, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Nusu si haba kwa watoto ambao hawakuwa na darasa. Lakini nusu ya pili nayo tusiisahau. Hao waliishi na kishikwambi mwaka mmoja na robo, na bado neno moja likawashinda. Palipo na mashine njema, lugha ya mtoto na umeme wa jua, bado pana nafasi ambayo mashine haiwezi kuijaza. Nafasi hiyo ni ya mtu.

Kisha likaja janga la korona. Shule zilipofungwa Machi 2020, simu ya mzazi ikawa darasa, na apu zikazoeleka nyumbani. Nyingi ya zile zinazopatikana kwa urahisi zimetungwa kwa watoto wa Marekani na Uingereza. Nyingine zimetiwa Kiswahili kwa kutafsiriwa tu: tufaha mahali pa “apple”, lakini mfuatano wa masomo umebaki wa Kiingereza. Hapo ndipo penye hitilafu. Kiingereza huanza na vijineno vya herufi tatu. Kiswahili hakina vingi vya namna hiyo, na mapema sana mtoto hukutana na maneno marefu. Chukua “hawakutusomea”. Ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake mna sentensi nzima ambayo Mwingereza angeiandika kwa maneno sita. Mtoto aliyefunzwa kulitazama neno lote kwa mkupuo kama picha atashindwa. Aliyefunzwa silabi ataliparamia hatua kwa hatua: ha-wa-ku-tu-so-me-a.

Lipo na lile funzo la chuoni. Kwa sababu maandishi yetu ni manyofu, mtoto anaweza kutamka ukurasa mzima bila kuelewa kitu, hasa pale Kiswahili si lugha ya kwao. Watafiti waliowapima watoto wa Kenya katika muongo uliopita waligundua kwamba wengi walisoma maneno ya Kiingereza kwa kasi kuliko ya Kiswahili, lakini walipoulizwa maswali kuhusu walichosoma, walielewa zaidi Kiswahili au lugha ya mama. Kasi si uelewa. Apu inayopima kasi na kumwaga nyota inaweza kuwa inamtuza kasuku.

Basi kabla ya kupakua apu, mzazi ajiulize maswali manne. Je, inamfundisha mtoto sauti za herufi au majina yake tu? Je, inamfikisha kwenye silabi na kumwachia aunde maneno mwenyewe? Je, maneno hayo ni ya vitu anavyovijua, au ni theluji na matufaha? Na baada ya kusoma, je, inamuuliza alichoelewa? Apu ikikosa jibu la maswali matatu ya mwanzo, iache. Ikikosa la nne, mzazi alijibu mwenyewe: “Haya, niambie, huyo sungura alifanya nini?” Swali hilo halihitaji intaneti.

Kwa taasisi zetu nina ombi fupi. Programu za fainali ya Tanga ziliachiwa wazi ili yeyote azichukue na kuziboresha bila malipo. Zimeshakuwa za Kiswahili. Wakuza mitaala, idara zetu za Kiswahili vyuoni na vijana wetu wa teknolojia wana pa kuanzia. Sioni kwa nini mtoto wa Kenya afunzwe irabu tano na mashine isiyozijua, ilhali kazi ngumu imekwishafanywa umbali wa saa chache kutoka Mombasa. Na haki hiyo isiishie kwa Kiswahili. Mtoto wa Lodwar anayeanza na Kiturkana, na wa Kitui anayeanza na Kikamba, anastahili zake vilevile. TKK ilionyesha zamani kwamba inawezekana.

Ama mjukuu wangu, tulibaki jikoni siku ile. Nilifunika herufi tatu za mwisho kwa kidole, nikamwambia atamke ya kwanza kama anavyoanza kusema “ua”. Akasema, “u.” Nikaifunika hiyo, nikamwachia zilizobaki. Akajaribu mara mbili, kisha akaziunganisha. Ghafla akaitazama pakiti, akanitazama mimi, akauliza, “Kumbe imeandikwa unga?” Ndiyo, mjukuu wangu. Siku zote imeandikwa unga.